Mtunzi na Mghani: Kupanda na Kushuka kwa Bendi ya Fletcher Henderson

Sisi wapenzi wa ushairi tumezoea kumtenga mtunzi na mghani. Mtunzi ndiye aliyekesha akipima mizani na kusaka vina. Mghani ndiye anayelipeleka shairi mbele za watu kwa sauti yake. Mara nyingine kazi zote mbili huwa za mtu mmoja. Mara nyingine shairi humtoka mtunzi, likakaa kinywani mwa mghani, hata wasikilizaji wakadhani ni mali yake tangu awali. Nilipokuwa nikifundisha Historia na Kiswahili katika shule za sekondari, wanafunzi walipenda kuniuliza kama mghani wa namna hiyo ni mwizi. Swali lao lina uzito, na haliishi kwa kujibiwa ndiyo au siyo. Leo nitalijibu kwa kupita njia ndefu kidogo. Nitasimulia habari za bendi ya dansi ya Marekani iliyoongozwa na Fletcher Henderson, iliyoanza New York mwaka 1923 na kuvunjika mwaka 1939, na ambayo maandishi yake yaliwatajirisha watu wengine.

Pengine msomaji atauliza bendi ya Marekani inaingiaje katika baraza la Kiswahili. Inaingia kwa mlango wa neno moja: jazi. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, na NUTA Jazz ikaanzishwa mwaka 1964. Kati ya miaka hiyo zilizuka Morogoro Jazz, Western Jazz na nyingine nyingi. Wapigaji wetu hawakupiga muziki wa New York. Walipiga rumba na mitindo yao wenyewe, na kwao jazi ilikuwa na maana ya bendi ya dansi yenye ala za kisasa. Neno hilo lilifuata nyayo za neno beni, ambalo nalo lilitokana na neno la Kiingereza la bendi, likawa jina la ngoma ya mashindano iliyoenea kutoka pwani hadi bara. Basi katika mwaka uleule ambao vijana wa Dar es Salaam walijipa jina la jazi, Henderson na wenzake walikuwa New York wakirekodi muziki ambao baadaye ungeitwa swingi. Ni neno lenye maana ya kupembea, na muziki wenyewe ulitawala kumbi za dansi za Marekani tangu mwaka 1935 hadi mwaka 1946 hivi.

Mwana wa mwalimu

Fletcher Henderson alizaliwa tarehe 18 Desemba 1897 katika mji mdogo wa Cuthbert, jimbo la Georgia. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya Wamarekani Weusi mjini hapo, na mama yake alifundisha piano. Nyumba ya namna hiyo naielewa vizuri: kitabu kwanza, mchezo baadaye. Kijana alijifunza piano kwa nota, akaenda Chuo Kikuu cha Atlanta kusomea kemia, akahitimu mwaka 1920. Alikwenda New York kwa nia ya kuendelea na kemia. Huko alikuta kwamba mkemia Mweusi hana mlango wa kubisha.

Akachukua kazi katika nyumba ya kuchapisha muziki ya Harry Pace na W. C. Handy, wote wawili Wamarekani Weusi. Kazi yake ilikuwa kupiga nyimbo mpya kwenye piano ili wanunuzi wazisikie. Mwaka 1921 Pace alianzisha kampuni ya santuri iliyoitwa Black Swan, naye Henderson akawa msimamizi wa muziki. Alizunguka na mwimbaji Ethel Waters katika majimbo kadhaa, akakusanya wapigaji wa kurekodi nao, na kufikia mwaka 1923 wapigaji hao walikuwa wameshakuwa bendi. Don Redman, mmoja wao, alisimulia baadaye kwamba walimchagua Henderson awe kiongozi kwa sababu alikuwa na sura ya heshima na elimu nzuri. Hakuutafuta uongozi, aliwekewa mikononi. Jambo hilo tulikumbuke, maana litaturudia.

Mwanzoni mwa mwaka 1924 walipiga Club Alabam. Julai mwaka huohuo wakaingia Roseland, ukumbi mkubwa wa dansi katika barabara ya Broadway, ambao kwa vipindi mbalimbali ungekuwa makao yao kwa takriban miaka kumi. Bendi ilikuwa ya Weusi, lakini wachezaji walioruhusiwa kuingia ukumbini walikuwa Wazungu peke yao. Mtu aliyepiga tarumbeta jukwaani asingeweza kumleta mkewe acheze chini ya jukwaa hilo.

Safu mbili zinazoitikiana

Kabla ya hapo bendi za dansi zilikuwa za namna mbili. Zile za New Orleans zilikuwa ndogo, na kila mpigaji alisuka sauti yake papo hapo ikapishana na za wenzake. Zile za mahoteli makubwa zilikuwa na watu wengi waliosoma nota, nadhifu lakini bila moto. Redman, aliyesomea muziki na kupiga saksafoni na klarineti, aliunganisha pande hizo mbili. Aliigawa bendi katika safu: upande mmoja tarumbeta na tromboni, upande wa pili saksafoni na klarineti. Safu moja ikauliza, nyingine ikajibu. Kisha akaacha nafasi katikati ya maandishi ili mpigaji mmoja asimame peke yake na kutunga papo kwa papo, huku safu zikimwekea kiitikio kifupi nyuma yake.

Kwa mshairi wa Kiswahili mpango huu si mgeni hata kidogo. Ni kiongozi na waitikiaji. Ni kibwagizo kinachorudi kila ubeti huku mishororo mingine ikibadilika. Wamarekani Weusi waliurithi kutoka makanisani na katika nyimbo za kazi za mashambani, na mizizi yake ya mbali iko Afrika. Jipya la Redman lilikuwa kuuandika kwa wino, ili watu kumi waliosoma wautamke kana kwamba umewazukia papo hapo.

Lakini mpango peke yake haukutosha. Santuri za bendi hii za mwanzo wa mwaka 1924 zina mapigo yaliyosimama wima kama askari wa gwaride. Katika msimu wa vuli wa mwaka huo alifika kutoka Chicago kijana wa New Orleans, Louis Armstrong, akakaa na bendi kwa zaidi ya mwaka mmoja. Alikuja na jambo ambalo halikuwemo katika karatasi: namna ya kuichelewesha nota kidogo nyuma ya pigo, kisha kuiharakisha nyingine, ili wimbo upembee badala ya kutembea. Anayeghani mashairi anajua siri hiyo. Mizani ni nane kwa nane na haibadiliki, lakini mghani mahiri huivuta silabi moja na kuibana nyingine, na ubeti ukapata pumzi. Wenzake Armstrong walimsikiliza na kujifunza. Coleman Hawkins, aliyekuwa akipiga saksafoni kwa nguvu na kwa kukatakata, alianza kuirefusha sauti yake. Naye Redman akaanza kuziandikia safu nzima kile ambacho Armstrong alikifanya peke yake. Ukiusikiliza wimbo "Sugar Foot Stomp" waliourekodi mwaka 1925, utaisikia bendi iliyokwisha kupata lugha yake.

Hata hivyo Henderson hakumpa Armstrong nafasi ya kutosha ya kuimba, jambo ambalo Armstrong alilalamikia baadaye. Mwishoni mwa mwaka 1925 aliondoka kurudi Chicago. Henderson alikuwa na sikio la kuwatambua wenye vipaji kuliko kiongozi yeyote wa zama zake, lakini hakuwa na mkono wa kuwashika.

Mkono uliolegea

Kati ya mwaka 1925 na mwaka 1928 hapakuwa na bendi ya Weusi mjini New York iliyoishinda hii kwa heshima. Duke Ellington, aliyekuwa bado anajijenga, alikiri kwamba alitamani bendi yake isikike kama ya Henderson. Lakini nyufa zilikuwa zimeanza kuonekana. Mwaka 1926 bendi ya Jean Goldkette, ya Wazungu, ilikuja kushindana nao Roseland, ikiwa na mpigaji tarumbeta aitwaye Bix Beiderbecke. Rex Stewart, aliyekuwa upande wa Henderson usiku huo, alikiri wazi kwamba walishindwa. Sisi tuliosikia habari za Marini na Arinoti katika mashindano ya beni tunajua kushindwa usiku mmoja si msiba. Ni sababu ya kurudi kambini na kufanya mazoezi. Mazoezi ndiyo yaliyokuwa haba katika kambi ya Henderson.

Mwaka 1927 Redman alichukuliwa na bendi ya McKinney's Cotton Pickers ya Detroit, na kalamu iliyoijenga bendi ikaondoka naye. Mwaka 1928 Henderson alipata ajali ya gari huko Kentucky. Mkewe Leora, ambaye naye alikuwa mpiga tarumbeta, alisimulia kwamba mumewe hakuwahi kuwa mtu wa biashara, na baada ya ajali hiyo akazidi kutojali. Wapigaji walichelewa, naye hakuwakemea. Walikunywa, naye hakuwauliza.

Mwaka 1929 likaja jaribio kubwa zaidi. Bendi iliajiriwa kupiga katika tamthilia ya nyimbo ya Vincent Youmans iitwayo "Great Day". Katika maandalizi huko Philadelphia wapigaji wa Henderson waliondolewa mmoja baada ya mwingine na nafasi zao kupewa Wazungu. Kiongozi wao hakupinga. Waliondolewa mbele ya macho yake, naye akanyamaza. Wengi wao waliliona hilo kuwa ni usaliti, na bendi ikasambaratika kwa muda.

Nimekuwa mwalimu kwa miaka mingi na nimewaona viongozi wapole. Upole ni sifa njema kwa mtu, lakini mpole akikabidhiwa watu wa kuwatetea, upole wake huwa mzigo kwao. Hata hivyo tusisahau alikokulia. Mtoto wa mwalimu Mweusi wa Georgia wa miaka ile alifundishwa tangu utoto kwamba kupinga hadharani kunaweza kumgharimu mtu uhai. Ukimya wa Philadelphia haukuanzia Philadelphia.

Kiongozi ashika kalamu

Ajabu ni kwamba bendi ilipokuwa ikidhoofika ndipo Henderson mwenyewe alipopata uwezo wake mkubwa. Baada ya Redman, wengine waliandika: Benny Carter kwa ufundi wa hali ya juu, na Horace, mdogo wake Henderson. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Fletcher naye alianza kuandika kwa bidii, na mtindo wake ukawa wazi kuliko wa wote. Redman alipenda kuonyesha ufundi kwa kupindapinda njia. Henderson aliondoa kila kisichohitajika. Alibakiza swali fupi, jibu fupi, nafasi ya mpigaji mmoja, na mwishoni safu zote zikagongana kwa furaha.

Mfano bora ni "King Porter Stomp". Wimbo ni wa Jelly Roll Morton, mpiga piano wa New Orleans, aliyeurekodi mwaka 1923. Bendi ya Henderson iliurekodi mara tatu, mwaka 1928, mwaka 1932 na mwaka 1933. Kwa miaka hiyo yote wapigaji waliuchezea usiku baada ya usiku. Mmoja alibuni kipande kikapendwa, kesho yake akakirudia. Safu ikakidaka ikakifanya kiitikio. Kingine kikaachwa kikasahauliwa. Mpango ulikua vinywani kabla ya kufika kwenye karatasi. Henderson alipokuja kuuandika alikuwa akifanya kazi ya mtu anayenukuu utenzi uliokwisha kuimbwa na wengi, akichagua na kupanga. Sasa nakuuliza msomaji: mtunzi wa kile kilichoandikwa ni nani? Morton, mwenye wimbo? Wapigaji, wenye vipande? Au Henderson, mwenye wino?

Santuri ya mwaka 1932 yenyewe inatuonyesha bendi ilivyokuwa. John Hammond, kijana tajiri aliyekuwa akisimamia kazi ya kurekodi siku hiyo ya Desemba, alisimulia kwamba wapigaji walichelewa mno, muda ukakaribia kwisha, na hatimaye zikarekodiwa nyimbo tatu tu kwa haraka. Ni miongoni mwa rekodi zao bora kabisa. Vipaji vilikuwa vingi kiasi cha kufidia uzembe, na huo ndio mtego: aliyezoea kuokolewa na kipaji haoni haja ya kujirekebisha.

Wakati huohuo mdororo mkuu wa uchumi ulikuwa ukiitafuna biashara ya muziki. Nchini Marekani santuri zilizouzwa mwaka 1927 zilizidi milioni 100. Mwaka 1932 zilikuwa zimeshuka hadi milioni 6 hivi. Mwaka 1934 Hawkins, nguzo ya bendi kwa takriban miaka kumi, alikwenda Uingereza. Mahali pake aliitwa Lester Young, kijana mwenye sauti nyepesi na laini. Wenzake walimkataa kwa kuwa hakusikika kama Hawkins, na Leora alimpigia santuri za Hawkins nyumbani ili aziige. Young alikaa miezi michache, kisha akaomba barua ya kuthibitisha kwamba hakufukuzwa, akaenda zake. Baadaye sauti ileile iliyokataliwa ilimpa nafasi miongoni mwa wapigaji wakubwa kabisa wa saksafoni. Bendi iliyokuwa imejifunza lugha mpya kwa Armstrong mwaka 1924, miaka kumi baadaye ilishindwa kuisikia nyingine ilipoletwa mlangoni.

Septemba 1934 walirekodi vipande vya Henderson mwenyewe, vikiwemo "Wrappin' It Up" na "Down South Camp Meeting", vilivyoandikwa kwa ustadi wa kupigiwa mfano. Novemba mwaka huohuo, huko Detroit, wapigaji waliochoka kukaa bila malipo walijiuzulu kwa pamoja.

Shairi lapata mghani

Mwezi uliofuata, Desemba 1934, Benny Goodman, mpiga klarineti kijana, mtoto wa wahamiaji Wayahudi maskini wa Chicago, alipata nafasi katika kipindi cha redio cha NBC kilichoitwa "Let's Dance". Kipindi kilirushwa usiku wa Jumamosi kwa saa tatu, kikidhaminiwa na kampuni ya biskuti. Kilihitaji mipangilio mipya ya muziki kila wiki, na fedha za kuilipia zilikuwepo. Hammond alimwelekeza Goodman kwa Henderson. Henderson, aliyekuwa hana bendi na ana madeni, aliuza vipande alivyokwisha kuandika, "King Porter Stomp" kikiwa kimojawapo, akaandika vipya, na pia akazipanga upya nyimbo za mapenzi zilizokuwa zikivuma.

Goodman aliwafanyisha watu wake mazoezi mpaka kila safu ikapumua kwa pamoja kama mtu mmoja. Aliurekodi "King Porter Stomp" Julai 1935. Kisha akaanza safari ndefu ya kuelekea magharibi, na katika miji kadhaa watu hawakumjali. Tarehe 21 Agosti 1935 alifika ukumbi wa Palomar mjini Los Angeles. Alianza kwa nyimbo laini, ukumbi ukapoa. Alipoamua kuzitoa karatasi za Henderson, vijana waliacha kucheza, wakasogea jukwaani, wakapiga kelele za furaha. Wanahistoria wengi huuhesabu usiku huo kuwa mwanzo wa enzi ya swingi. Goodman akaitwa mfalme wake.

Nimezisikiliza rekodi hizo mbili za "King Porter Stomp", ya Henderson na ya Goodman, moja baada ya nyingine, mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ya Goodman ni safi. Hakuna nota iliyoanguka nje ya mahali pake. Ya Henderson ina vumbi na jasho, na wapigaji wake wanasimama mmoja mmoja kama watu wanaogombania neno barazani. Mimi naipenda ya Henderson. Lakini siwezi kusema kwamba ya Goodman ni ya uongo. Ameghani vizuri shairi lililoandikwa vizuri.

Je, aliiba? Hapana. Alinunua, akalipa, na zaidi ya hayo alimtaja Henderson hadharani mara nyingi kuwa ndiye aliyeipa bendi yake sauti. Dhuluma ilikuwepo, lakini haikukaa mkononi mwa Goodman, ilikaa mlangoni. Kampuni ya biskuti isingedhamini bendi ya Weusi kwa saa tatu za redio nchi nzima. Mahoteli mengi makubwa yaliyoziweka bendi kwa msimu mzima, kwa mshahara wa uhakika na matangazo ya redio, hayakuziajiri za Weusi. Na desturi ya biashara ilikuwa kumlipa mwandishi wa mpangilio mara moja tu. Santuri ikiuzwa elfu au laki, fungu lake halikuongezeka.

Maandishi yanayosomeka na wote

Kuna sababu moja zaidi, nayo ndiyo inayowahusu zaidi washairi. Hebu tumlinganishe Henderson na Ellington. Ellington naye alikuwa Mweusi, naye alikutana na milango ileile, lakini aliiongoza bendi yake hadi alipofariki mwaka 1974. Alikuwa na meneja hodari, Irving Mills, na tangu mwaka 1927 alikuwa na Cotton Club na redio yake. Zaidi ya hayo, Ellington aliwaandikia watu fulani. Alijua mkoromo wa tarumbeta ya huyu na mlio wa saksafoni ya yule, akatunga kwa ajili yao. Karatasi zake ukizipeleka kwa bendi nyingine, nusu ya shairi inabaki nyumbani.

Henderson aliandika kwa lugha iliyo wazi kiasi kwamba bendi yoyote iliyosoma vizuri ingeweza kuitamka. Huo ulikuwa ukarimu wa kalamu yake, na ndio ulioifanya lugha yake kuwa lugha ya enzi nzima. Huohuo ndio ulioiacha bendi yake bila kitu ambacho wengine hawakuwa nacho. Maandishi yake yangeweza kuishi bila yeye, nayo yakafanya hivyo yeye mwenyewe angali hai.

Alijaribu tena. Mwaka 1936 alipata ukumbi wa Grand Terrace mjini Chicago pamoja na matangazo ya redio, akiwa na Roy Eldridge kwenye tarumbeta na Chu Berry kwenye saksafoni, na wimbo wake "Christopher Columbus" ukapendwa kote. Mwishoni mwa mwaka huo bendi changa ya Count Basie kutoka Kansas City ilikuja kupiga Grand Terrace baada yake, ikajikuta haina maandishi ya kutosha kwa ukumbi kama ule. Henderson akamwazima Basie mipangilio yake mwenyewe. Basie hakulisahau jambo hilo. Mtu aliyeona alivyozidiwa na waliotumia karatasi zake aliweza bado kumpa karatasi hizo mshindani mpya.

Mwaka 1939 alivunja bendi na kuajiriwa na Goodman kama mwandishi, na kwa miezi kadhaa akakaa kwenye piano ndani ya bendi hiyo, akipiga pamoja na watu waliokuwa wakisoma mwandiko wake. Aliunda bendi nyingine katika miaka ya 1940, lakini hazikudumu. Wakati huo swingi yenyewe ilikuwa ikielekea machweo. Mwishoni mwa mwaka 1946 bendi kadhaa maarufu zilivunjika ndani ya majuma machache. Desemba 1950 Henderson alipatwa na kiharusi, na tarehe 29 Desemba 1952 akafariki mjini New York akiwa na umri wa miaka 55. Mwaka 1961 kampuni ya Columbia ilikusanya santuri za bendi yake na kuzipa jina "A Study in Frustration", yaani somo la kukatishwa tamaa.

Jina hilo silikubali lote. Ni kweli kwa upande wa mfuko wake, na ni kweli kwa upande wa bendi. Kwa upande wa kalamu si kweli. Kwa zaidi ya miaka kumi, karibu kila kijana wa Marekani aliyeingia ukumbi wa dansi alicheza kwa sarufi iliyotungwa na Redman, kupembezwa na Armstrong na kunyooshwa na Henderson.

Sasa nirudi kwa wanafunzi wangu. Mghani si mwizi akimtaja mtunzi na kumlipa haki yake. Lakini kutaja hakutoshi ikiwa mtunzi mwenyewe amezuiwa kuingia ukumbini anakoghaniwa. Waandishi wa tenzi za kale walikuwa na busara ya kujitaja katika beti za mwisho, jina na mara nyingine ukoo na mji, ili shairi likisafiri lisafiri na mwenyewe. Karatasi ya muziki wa dansi haikuwa na ubeti wa namna hiyo. Basi anayeiweka santuri ya "King Porter Stomp" na kusikia tarumbeta zikiuliza na saksafoni zikijibu, na aukamilishe utenzi huo kwa kumtaja aliyeuandika: Fletcher Henderson, mwana wa mwalimu, wa Cuthbert.